Kitalu cha Chini

Babu yangu,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia.

Tangu tukuzike, Mama hajakanyaga bustani yako ya kabichi hapa Mollo. Ulipopigwa na kiharusi ukawa husemi, jirani alimwambia kuna vidonge vya kufungua mishipa ya kichwa. Daktari akakataza usipewe. Basi kila siku Mama anarudia maneno yale yale: "Ningemnunulia kimyakimya tu, baba yangu angekuwepo."

Wiki iliyopita madamu wa baiolojia alileta ubongo wa mbuzi kutoka buchani. Wenzangu wakamtania kwamba amesahau chumvi na ndimu. Mimi nilishindwa hata kucheka. Babu, ubongo ule ulikuwa umefunikwa na mishipa myembamba kama ndevu za mahindi. Madamu akasema mishipa hiyo ina misuli, inajibana na kujilegeza yenyewe, hata tukiwa usingizini, ili kila sehemu ipate damu yake. Na zipo dawa unazimeza, zinapita tumboni, zinasafiri hadi kule kichwani kuilegeza. Nilijishika kichwa changu kwa mikono miwili.

Nikamuuliza habari zako na vile vidonge. Hakubahatisha, alikwenda kumuuliza kaka yake ambaye ni daktari. Akarudi na jibu. Mshipa ukiziba, mishipa ya pale palipoumia mara nyingi huwa imeshajilegeza yenyewe mpaka mwisho. Dawa ya kupanua haina la kuiongezea. Inaweza kupanua ile mizima tu, na damu ikakimbilia huko.

Babu, nilikusikia kabisa, umeshika jembe kwenye mfereji: "Usifungue vitalu vyote kwa pamoja, mjukuu wangu. Vya juu vitashiba, cha chini kitakauka."

Jioni nilimweleza Mama yote, pamoja na maneno yako ya vitalu, akiwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza polepole, "Kwa hiyo ningempa, ningemnyang'anya damu?"

Nikamjibu huenda, hata daktari hawezi kuapa. Ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Jumamosi nilipoamka hakuwepo. Nilimkuta bustanini, amepiga magoti kwenye kitalu cha chini, anakipa maji kabla ya vingine.

Lala salama, Babu. Nitasoma mpaka niielewe mishipa ile vizuri, ili siku moja mtu akiniuliza, nisibahatishe. Na mfereji wako nitaufungua kitalu kimoja kimoja.

Mjukuu wako,
Veronika