Ubongo Wangu Ulipigiwa Makofi

Mpendwa Mak Long, shangazi wa sisi wote tuliokosa shangazi wa kutukemea,

Naomba msaada, na naomba barua hii uisome kimoyomoyo kwanza kabla ya kuipeleka hewani, maana ukiisoma ilivyo kijiji kizima kitanijua, na mimi tayari ni mtu maarufu, sijisifu, ukweli ni ukweli, shule niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu na ya mwalimu mkuu, lakini katika wilaya hii hakuna kijana mwingine ambaye ubongo wake umepigiwa makofi ukumbini na watu wenye digrii, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, Mak Long.

Kuna daktari mmoja mtafiti, Daktari Hazwani, binti wa Johor huko kusini, alikuja hospitali yetu kuchunguza ubongo wa watu walioshikwa na syabu, ile dawa ya kulevya ya kuvuta. Alikuwa anatafuta watu wa aina mbili, wale walioshikwa, na watu safi wa kulinganisha nao. Kaka yangu Rosdi ni wa aina ya kwanza, ameacha mwaka jana na bado anapigana nayo, na alimpenda yule daktari kwa sababu anamwita "Bwana Rosdi" wakati sisi nyumbani tunamwita majina ambayo redio yako haiwezi kuyabeba. Siku moja Kaka akaja na habari kwamba daktari amekwama, watu safi hapati. Nikamwambia, "Safi? Mwambie wamefika."

Nikaketi mbele yake nimechana nywele. Akaniuliza, "Unatumia syabu?"

"Hapana."

"Heroini? Bangi? Pombe?"

"Daktari, mimi mtoto wa Hajjah Jamilah."

"Kuna kitu kingine chochote unachotumia ili ulewe?"

"Nalewa sifa tu."

Akacheka, wakanipima mkojo, mkojo ukapita, nikaingizwa kwenye ile mashine iliyo kama pipa la lami lililolazwa, nikaonyeshwa picha, nikabanwa kidole na kidude cha moto waone ubongo unavyolalamika, na wangu haukulalamika. Daktari akafurahi, akauliza kama nina wenzangu. Mak Long, mimi nikiulizwa kama nina wenzangu! Nikamletea kijiwe chote cha banda la Pak Teh Saad, wakata mpunga, madereva wa trekta, wote. Na kwa kuwa mashine ile inataka mtu alale kimya bila kutikisika, mimi mwenyewe, kwa akili zangu nilizozisifu hapo juu, nikawashauri, "Jamani, kila mtu apige pakiti moja kwanza, atulie." Wakapiga. Nami nilipiga. Daktari akasema hajawahi kuona watu watulivu namna hii, wa mjini wanatapatapa kama kambare, sisi tumelala kama magogo.

Pakiti ya nini? Ketum, Mak Long. Majani ya mti ulio nyuma ya kila nyumba huku, yanachemshwa, machungu kama deni, Pak Teh Saad anatia kwenye mfuko wa nailoni, mpira juu, mrija ndani. Nimekunywa tangu naota ndevu. Wallahi sikumdanganya daktari, kwa sababu sisi hatunywi tulewe, tunanywa tufanye kazi, jua liwake na mgongo unyamaze, na mtu wa Johor hakujua kuniuliza kwa jina lake, na mimi sikujua kwamba inaulizwa.

Basi juzi tukaitwa ukumbi wa hospitali, siku ya kuwashukuru waliojitolea, vijikeki vya nazi vimepangwa. Daktari Hazwani akasimama mbele macho yamejaa machozi ya furaha, akasema ameshinda ufadhili wa kwenda ng'ambo miaka miwili kujifunza mashine kubwa zaidi, wanafunzi wake wawili nao wamepewa nafasi, na akirudi mfuko huohuo utamjengea kituo huku kaskazini cha kuwafundishia watafiti vijana wa mambo ya uraibu. Akasema, "Walioomba tulikuwa wengi na nafasi chache. Wakaniuliza nina nini ambacho wengine hawana. Nikawaambia, nina wanaume wa kijiji hiki." Maana ubongo wetu, alisema, una utulivu wa ajabu, haubabaikii maumivu wala vishawishi, na dunia inapaswa kujua tunauhifadhi vipi.

Akaonyesha picha mbili ukutani, za bongo mbili, kushoto wa mtu safi, kulia wa mtu aliyetumia syabu. Hazikuwa na majina. Lakini mimi alikuwa amenionyesha wangu kabla, nikaujua, nikasimama nikapiga kelele, "Wa kushoto wangu huo!" Ukumbi mzima makofi. Ningekaa hapo, Mak Long, ningekaa tu. Sikukaa. Nikamgeukia Kaka Rosdi nikamwambia kwa sauti, "Na huo wa kulia kama nyumba iliyoungua, si wako huo?" Watu wakacheka. Kaka akaitazama ile picha, akaniambia taratibu, "Huenda, Apit. Huenda ndivyo nilivyobaki." Akatoka nje, keki yake hajaigusa.

Mimi nikaendelea kutamba. Mwanafunzi mmoja wa profesa mwingine, kijana Ganesan, akanichukua kunionyesha chumba cha panya wa majaribio, mtu mwenye ubongo kama wangu lazima atembezwe. Nikaona panya mmoja kajikunyata, anatetemeka, pua inatoka maji.

"Huyu anaumwa?"

"Hapana, jana tumemnyima."

"Mmemnyima nini?"

"Maji ya ketum."

Nikacheka. "Ketum? Si chai ya kazi hiyo!"

"Chai ya kazi?" akasema. "Bwana wee, kwenye ubongo hiyo ni jamaa yake afyuni, inapita milango ileile. Inazima maumivu, na ukizoea halafu ukaikosa, ndiyo haya unayoyaona."

Nikamuuliza, najikaza sauti, "Na mtu akinywa kabla ya kuingia kwenye ile mashine ya daktari?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nani mpumbavu wa kufanya hivyo?"

Mak Long, nilimtazama yule panya, naye akanitazama. Nikatoka bila kutamba. Mimi! Uliza mtu yeyote kama imewahi kutokea.

Nikaamua kujipima, nisinywe, nione. Siku iliyofuata pua maji, mifupa inauma kama nimepigwa, miayo, hasira, mama akanirushia ndala akisema nina mafua ya uvivu. Kabla ya alasiri nilijikuta nimeketi kwenye banda la Pak Teh Saad, mrija mdomoni, na sikumbuki niliamua saa ngapi kwenda. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikawaambia wenzangu, Pak Teh Saad akanikatisha, "Nyamaza, Apit. Ukifungua mdomo polisi watanifuata mimi, kuiuza ni marufuku. Na yule binti wa watu utamwua, amehangaika miaka mingapi kupata nafasi ile? Acha aende zake na furaha yake." Wote wakasema nyamaza.

Daktari anaondoka baada ya sikukuu. Nikisema, atanyang'anywa ufadhili, na wanafunzi wake nafasi zao, na kituo hakitajengwa, kwa sababu yangu mimi niliyemletea magogo yaliyolowa. Nisiposema, Kaka Rosdi ataendelea kujilinganisha na ubongo ambao nao ulikuwa umelewa, sasa hata chakula anakula peke yake jikoni. Nifanyeje? Ninyamaze kwa wema, au niseme niharibu?

Wako, Ubongo wa Kushoto, Kedah.


MAK LONG ANAJIBU:

Ubongo wa Kushoto, nimekusoma kimoyomoyo kama ulivyotaka, kisha nikasimama nikakusoma tena, maana nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki miaka mingi na bado hukunikuta tayari. Majina nimeyabadilisha yote. La kwako la ubongo nimeliacha, umelipata kwa jasho.

Kwanza nikutoe kosa ambalo si lako. Siku ulipoulizwa hukudanganya. Nusu ya wanaume wa upande wetu wangejibu hivyohivyo na kuapa juu yake, marehemu mume wangu akiwa wa kwanza. Yule daktari alikuja na maswali yaliyoandikwa na watu wasiowahi kuona banda la Pak Teh Saad, na hilo ni lake la kujirekebisha. Lakini tangu ulipotoka kwenye chumba cha panya, mwanangu, unadanganya. Kila siku inayopita unadanganya upya, na hii habari ya kunyamaza kwa wema usiniletee mimi. Wema wa nani? Pak Teh Saad anailinda biashara yake. Wewe unaogopa kuonekana mjinga mbele ya waliokupigia makofi.

Unadhani usiposema itafichika? Huko daktari anakokwenda kuna watu kazi yao ni kupima na kupima tena. Wataita watu wengine, hawatauona utulivu wenu wa ajabu, watauliza kwa nini, na siku hiyo ataonekana mwongo mbele ya waliompa fedha wakati hajasema uongo hata mmoja. Nimempigia simu mtu niliyesoma naye, amekaa miaka kwenye kamati za kugawa ufadhili wa namna hiyo. Akashtuka kama mimi. Akasema hawezi kuahidi chochote kwa niaba ya wengine, lakini mtafiti anayekuja mwenyewe na kosa lake kabla hajaondoka hutazamwa kwa jicho jingine kabisa kuliko anayekamatwa nalo. Akaniambia pia kuna watu wanaotafuta fedha usiku na mchana ili wajue ketum inafanya nini kwenye ubongo wa wanaume wanaofanya kazi na wasiojiona watumiaji. Usiende kumpa daktari hilo kama peremende ya kumbembeleza. Ana akili, ataliona mwenyewe akishamaliza kulia. Huenda akapoteza nafasi. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Ila afadhali aipoteze hapa, akiwa amekaa kwenye kiti chake, na wewe umo chumbani.

Wenzako waambie unakwenda na siku unayokwenda, anayetaka kufuatana nawe afuate. Ukifika sema kilichoingia mdomoni mwako, na kwamba ni wewe uliyewashauri. Hujaulizwa umenunua kwa nani, usijitolee kujibu. Daktari ana wajibu wa kutunza siri za waliojitolea kwake, mkumbushe akisahau.

Na hiyo pua yako, acha ubishi. Usijifungie chumbani kuacha kwa nguvu ili upate cha kuwasimulia kijiweni. Mwambie daktari pua inatoka maji, mifupa inauma, na miguu ilikupeleka bandani bila kukuuliza. Akuelekeze kwa wanaotibu. Huko nako utakuta watu wanaitwa "Bwana". Utapenda.

Sasa Rosdi. Hapo nilitaka niingie ndani ya redio nitokee kwenu na ndala ya mama yako. Mtu amejitoa mwenyewe kwenye syabu, amekuletea wewe heshima ya kuitwa safi, ukamtandika nayo mbele ya ukumbi! Kabla hujamwona daktari utamwona yeye. Leo, jikoni, anapokula peke yake. Chukua sahani yako ukae. Mwambie ule wa kushoto ulikuwa umelowa ketum, na picha ile haikumpima yeye haki. Usitie mzaha hata kidogo, najua itakuuma kuliko mifupa. Na kwa kuwa ulimcheka ukumbini, siku daktari akiwaita tena watu wale awaeleze, utasimama palepale uliposimama na utasema kwa sauti ileile.

Kisha mwombe akusindikize hospitali Jumatatu asubuhi. Yeye ameshawahi kuketi kwenye kile kiti na kusema "nimeshikwa". Wewe bado. Na njia ya hospitali, kama ninavyoijua wilaya yetu, inapita mbele ya banda. Mkifika hapo, mpe kaka yako mkono, na usiuchomoe mpaka mmepita.