Punje Nyeusi Kwenye Vitabu Vyangu

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijawahi kumwambia mtu. Mimi hunusa vitabu. Si vipya. Vilivyorudi. Mtu akishakirudisha na kwenda zake, nakibeba mpaka nyuma ya pazia, nakifungua katikati, natia pua. Najua nani alikuwa nacho. Mwalimu mstaafu: dawa ya kifua. Dada wa saluni: mafuta ya nywele na chapati. Mwende akijua atanicheka mpaka Krismasi.

Likizo imeanza, kwa hivyo niko kibandani kwa Mama kutwa. Yeye na Mwende, mwanafunzi wake wa cherehani, wako mbele. Mimi niko nyuma ya pazia la kujaribia nguo, natia vifungo. Kreti ya vitabu iko mlangoni, ile kuukuu ya mkate. Vitabu vyote ni vyangu. Nimeviokota na kuviomba tangu darasa la nne, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Anayetaka achukue, asome, arudishe. Hakuna kuandikisha. Mimi sitoki. Naona miguu tu chini ya pazia. Miguu na harufu, hao ndio marafiki zangu. Wengine sina.

Mama alikubali kreti kwa sharti moja. Fujo ya kwanza, vyote vinaenda kwa muuza njugu, akunjie njugu zake. Mama hatishii bure.

Jioni akanituma kurudisha bakuli la jirani. Akalitia kunde kwanza. Nikasema kunde zenyewe zimebaki kidogo. Akaniangalia kama nimemtukana.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya soko. Vumbi mpaka kwenye meno. Kitabu cha wezi wa ng'ombe kimerudi. Sikuona nani amekileta, miguu ilikuwa mingi. Nikanusa. Dizeli. Chini yake, moshi wa kuni.

Kisha kitu kikaniangukia mapajani. Kifundo cha kitambaa, kidogo kama ncha ya kidole, kimefungwa uzi mweusi. Ndani, punje. Nyeusi ti, zinang'aa, ndogo kuliko mchanga.

Sijui ni nini. Najua ninachofikiria. Sitaki kukiandika.

Dawa. Basi, nimekiandika.

Nikaenda nyuma, nikazimwaga pale maji ya bafu yanapotokea. Nikaosha mikono kwa sabuni ya kufulia.

Mwenye dizeli ni mmoja tu. Kombo, tanboi, msaidizi wa dereva wa lori linalolala Maungu. Buti, la kushoto limekazwa kwa waya. Kila lori likisimama Voi kupakua, yeye yuko kwenye kreti, anasoma amesimama, anacheka peke yake. Mtu anachekaje vile? Juzi alimuuliza Mwende, "Siz, kwani mwenye vitabu ni nani?" Mwende akamjibu, "Ni jini. Hasomeki wala haonekani." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, sindano mdomoni.

Kwa nini anataka kunijua?

Ijumaa, 8 Agosti

Tena. Kitabu kingine, kile chenye jalada jekundu. Safari hii ni majani makavu, yamesokotwa, uzi uleule mweusi. Yamewekwa katikati kabisa, kama mtu aliyechagua mahali. Harufu tamu inayopanda kichwani. Niliyashika kwa gazeti, nikayatupa chooni.

Shuleni mwalimu anasema mambo ya kurogwa ni ujinga. Anasema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza siogopi. Kwa Kiswahili naogopa. Kwa Kidawida, lugha ya nyumbani, ndiyo kabisa, silali.

Sasa namshuku kila mtu. Mwalimu mstaafu, mbona anakohoa akirudisha? Dada wa saluni, mbona hajaja wiki mbili? Kwenye kila kitabu natikisa kurasa kwanza, uso nimeugeuza pembeni. Zamani nilikuwa nikivikimbilia. Nimewachukia wote kwa hilo.

Jioni nilishindwa. Nikamwambia Mwende yote, hata jina la Kombo. Nilimwapisha asiseme. Akajilamba kidole, akaelekeza juu.

Jumapili, 10 Agosti

Mhubiri amesema tusiogope. Nimeogopa.

Jumanne, 12 Agosti

Namchukia Mwende. Najichukia zaidi.

Kombo alikuja saa za asubuhi. Nikaona buti. Akachukua kile kitabu cha mlinzi wa mbuga, anachokisoma kidogokidogo, kila akija. Huweka njiti ya kiberiti pale alipofika. Alikuwa amebakiza kama kurasa kumi hivi. Kibanda kimejaa wateja, msimu wa sare za shule. Mwende akasimamisha cherehani.

"We kijana wa Maungu! Hizo dawa unazotuwekea kwenye vitabu vya mtoto wa watu, ulitumwa na nani?"

Wateja wakageuka. Hata mikasi ilinyamaza.

"Dawa gani?"

"Usijifanye. Tumeziona."

"Siz, mimi kwenye vitabu naweka macho tu."

Mtu akacheka. Mama mmoja akavuta mtoto wake karibu. Buti zikasimama kidogo zaidi, zimeelekea pazia. Zilielekea kwangu. Nilisema moyoni, toka, Wakesho, sema hujui, sema hukumwona. Sikutoka. Akakirudisha kitabu taratibu, akaondoka. Waya wa kiatu ukilia kwenye saruji.

Halafu Mama. "Dawa? Ndani ya kibanda cha mtu aliyeokoka?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akatoa kitambaa cha mezani, akafunika kreti yote kama maiti. Muuza njugu ameitwa. Anakuja Jumamosi.

Jumatano, 13 Agosti

Pameota. Pale nilipomwaga. Nilikuwa naenda kumwaga maji ya vyombo, nikaona. Vijimea, shada zima, mashina yana wekundu kama damu ya mbu.

Nilifikiria kuvimwagia maji ya moto na kunyamaza. Lakini muuza njugu anakuja hata nikinyamaza. Nikamwita Mama. Sauti ilitoka ndogo, nikamwita tena.

Akaja na tepu yake shingoni. Nikamwonyesha. Nikasema hizi ndizo dawa. Akainama, akang'oa kimoja, akakisugua, akakinusa. Nikagundua kitu: amenusa kama mimi ninavyonusa.

"Wakesho."

"Naam."

"Hii ni mchicha."

Nilimwambia haiwezekani. Akasema yeye amekula mchicha kabla mimi sijazaliwa. Akakitia mdomoni, akatafuna mbele yangu. Kisha akauliza na hayo majani yalinukaje. Nikamweleza. "Mchaichai," akasema. Akasimama pale muda, mkono kiunoni. Sasa alikuwa anawaza yeye.

"Mbegu nzuri hivi," akasema, "nani anazifunga kwenye kitabu?"

Nikamjibu Kombo. Akasema tanboi wa lori halimi hata nyanya moja.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa na pua, nikaona inatosha.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo Mama ametoa kitambaa juu ya kreti. Akakaa kando yake na kiti, anapindia suruali kwa mkono, macho mlangoni. Anatega. Mimi nyuma ya pazia, natega pia, jicho kwenye mpasuo.

Saa za soko kutulia, miguu ikaja. Malapa ya buluu, visigino vyenye udongo mwekundu wa juu milimani. Nimeiona mara nyingi. Ni ya mama mmoja anayeteremsha kabeji kutoka Werugha. Husimama mlangoni akingoja gari lijae, basi. Sikuwahi kumhesabu kama msomaji. Huo ndio ukweli na ni aibu.

Akainama, akatia kitabu ndani ya kreti. Mama akakichukua kabla hakijalala. Akakifungua. Kifundo, uzi mweusi.

"Dada, hiki ni nini?"

"Ni karoti hizo. Mbegu. Safari ile niliweka mchicha, hamkupanda?"

"Kwani kwa nini unaziweka?"

Yule mama akashangaa kwelikweli. Nilisikia kwenye sauti. "Kitabu kimenishibisha wiki nzima, mimi na mzee wangu, ndani kwenye baridi. Namsomea tukiota moto. Halafu nikirudishe kitupu? Kama mtu ambaye hakulelewa?"

Mama akakiangalia kifundo. Kisha akaanza kucheka. Mama hacheki siku hizi. Alicheka mpaka akashika kreti. Wakahamia Kidawida, wakaulizana kwao ni wapi hasa, na ukoo, na nani alimwoa nani. Mwende akainamisha kichwa kwenye cherehani, anashona mahali pamoja.

Kwenye kile kitabu cha wezi wa ng'ombe, moshi wa kuni ulikuwa wake. Dizeli ya Kombo, aliyekisoma kabla yake. Wasomaji wawili kwenye kitabu kimoja, na mimi nikamshika yule ninayemjua harufu.

Jumamosi, 16 Agosti

Muuza njugu alikuja na gunia. Mama akampa magazeti ya kukatia mitindo na kumwambia aende salama.

Lori lilisimama Voi. Nililiona. Kombo alikaa juu ya mizigo, mgongo huku kwetu. Hakushuka.

Mwende amesema, "Pole." Nimemwambia si yeye aliyeanza.

Jumanne, 19 Agosti

Upepo umetulia. Karoti tumezipanda kwenye debe, Mama amesema mchicha ukae ulipo.

Mwende alimpata Kombo jana kwenye stendi ya malori, akamweleza yote mbele ya wenzake, kwa sauti ileile aliyomshtaki nayo. Sikumtuma. Anasema Kombo alimsikiliza, akauliza tu kama kile kitabu bado kipo.

Kipo. Njiti iko palepale. Nimechana kipande cha ukurasa huu kwa chini, nikaandika polepole, nikakitia karibu na njiti. Sikutaka kirudi kwake kitupu. Nimeandika: Nilikudhania vibaya na nikanyamaza. Kurasa zilizobaki ndizo tamu kuliko zote. Naitwa Wakesho. Si jini.

Nimesoma mara nyingi. Nataka kukitoa. Sijakitoa.

Mama ameenda kununua zipu, Mwende amekwenda naye. Kibanda kimya. Niko peke yangu na kreti, pazia nimelipandisha.

Hatua nje. Nzito. Moja ya kawaida, moja inalia waya kwenye saruji. Harufu imefika kwanza.

Naficha ukurasa huu chini ya sare za watu. Pazia silishushi.