Fredi Alihesabu Giza Sita

Mugango,
Musoma Vijijini.
9 Juni 2024

Mpendwa Kaka Stanislausi,

Shikamoo. Mtwara kwema? Na Wifi Dorah, mgongo umempa nafuu? Sisi tunapumua, ingawa barua hii sikutaka niiandike mimi.

Unakumbuka mdogo wetu Fredi alivyoagiza China taa za sola za kuvulia dagaa. Benki ya nje ndiyo iliyomlipa mwenye kiwanda, naye Fredi airudishie kwa dola ndani ya siku mia na themanini. Benki moja ya hapa Musoma ikamdhamini, nayo ikashika hati ya mji wetu, nyumba na shamba. Mama aliweka dole gumba huku anacheka, maana Fredi alimwahidi taa ya jikoni.

Sasa sikia kosa lenyewe. Fredi ni mtoto wa mvuvi kweli kweli, hana kalenda nyingine. Wavuvi wanamlipa giza kwa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi. Basi naye akahesabu giza sita, miezi sita, tangu taa ziliposhushwa Mwigobero, hapa Musoma. Kumbe siku zilianza pale benki ilipomlipa mwenye kiwanda! Meli ilichelewa, mzigo ukalala bandarini, hadi taa ya kwanza inauzwa miezi mitatu ilikuwa imekwenda. Dola nazo zikaadimika. Benki ya Musoma ikalipa kule nje, kisha ikamgeukia yeye.

Nilimfokea, Kaka. Nilimwita mjinga mbele ya mkewe. Tangu siku hiyo hali chakula sawasawa, nami najuta sana.

Mji umenadiwa Jumatano. Aliyenunua ni mtu wa Bunda, ana utu wake: kaburi la Baba hataligusa, na tutaruhusiwa kuja kulifagia. Ametupa hadi mwisho wa Julai tuwe tumehama.

Mama hakulia. Alikwenda kusimama kando ya kaburi, pale ambapo miaka yote amekataa pasipandwe mihogo. Akaniambia, "Petronila, nilikuwaga najua nitalala hapa. Sasa mimi mtanizika wapi?" Nikajifanya sijasikia, nikaingia ndani.

Njoo, Kaka, kabla Julai haijaisha. Fredi hawezi kumtazama Mama usoni, nami nimeshindwa kumjibu. Wewe ndiye mkubwa wetu.

Wasalimie Lilian na Clementi, na Mungu awashike mkono popote mlipo. Mama anakusalimu. Jana ameniuliza tena swali lile.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Petronila