Neno la Siri la Baba Limenifuata Sydney

Quakers Hill, Sydney

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama iko humu humu, lakini barua hii isome kwanza peke yako. Nimeituma kwa barua pepe maana simu ya nyumbani mkishaiweka spika nasalimiwa na ukoo mzima, na la maana halisemeki. Unaendeleaje, Baba? Nauliza kwa dhati. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kimevurugika.

Huku bado tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Natoka kwenda kazini tu, kwa wazee ninaowahudumia, barakoa usoni, kisha narudi. Juzi simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya kudekia, ikafa. Ratiba ya zamu iko kwenye tovuti ya kazini, na simu ya kuazima ikaniuliza neno la siri. Wallahi silijui! Miaka miwili nilikuwa naona vitone vyeusi vinajipanga vyenyewe, nabonyeza, naingia.

Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye, alinicheka mpaka akakaa chini. "Wee! Kwani ulidhani inakumbuka na kichwa ya nani? Hizi vitu hujificha huko ndani. Leta kompyuta yako." Akafungua kivinjari, ile programu ya kuingilia intaneti, akaenda kwenye mipangilio, kisha kwenye maneno ya siri. Kila neno lina alama ya jicho. Ukiibonyeza, kompyuta inadai kwanza neno lake lenyewe, lile la kuiwashia, ndipo vitone vinageuka herufi. La kazini nikalipata. Aibu tupu: jina la mtaa wetu na moja mbili tatu.

Shida ilianza nilipoteremka na orodha. Nikaona tovuti ya wafuga kuku. Mimi na kuku wapi na wapi? Chini yake, tovuti ya hospitali ya Dar, ile sehemu ya wagonjwa kuangalia majibu ya vipimo, pamoja na barua pepe yako, Baba. Nikadhani nimeingiliwa na wezi. Wanjiru akauliza kama kuna kompyuta niliyoiacha na akaunti yangu ndani. Ipo: hiyo ya sebuleni niliyokuachia siku naondoka. Kumbe kila neno unalokubali litunzwe huko linakuja mpaka huku. Kwa njia gani, usiniulize, hata mimi sijaelewa.

Ila hospitali ya nini? Jumapili Mama kaniambia uko shambani. Dada Upendo kasema umekwenda msibani. Mtu mmoja, sehemu mbili, saa ile ile! Nikakumbuka Bibi alipofariki, Kaka Elia akiwa kwenye mitihani ya kidato cha sita. Tulimficha wiki tatu. Mimi ndiye niliyekuwa napokea simu zake namwambia Bibi amelala. Ulisema mtoto aliye mbali hatwishwi mzigo asioweza kuutua, nami nikaona ni busara. Leo aliye mbali ni mimi. Inauma, Baba, na nimekasirika.

Ukurasa wa hospitali nimeufungua. Vitone vimejijaza, kimebaki kitufe cha kuingia. Nimerudisha mkono mara nne. Majibu ni yako, si yangu, halafu naogopa. Nikija, mipaka imefungwa, sijui kama wataniruhusu kurudi huku. Nisipokuja, sijui nitakosa nini. Kutwa nawaogesha baba za watu na kuwapima presha, na wa kwangu sijui hata anaumwa wapi. Labda ni macho tu. Labda si kitu. Niandikie wewe mwenyewe, usimtume Dada.

Msalimie Mama, mwambie simlaumu. Dada Upendo mwambie ajifunze kupanga uongo na wenzake. Kaka Elia mwambie naomba anisamehe, ataelewa ni kwa lipi. Na kama kuna daktari, naye msalimie.

Binti yako,
Neema