Radi Niliyomletea Mama

Kalangalala, Geita
Tarehe 9 Mei, 1954

Kaka Bujiku,

Shikamoo kaka. Pokea salamu yangu ya mwangaluka, na uwagawie wote hapo Didia, kuanzia mwanao Zipora mpaka lile dume la pembe moja lililonipiga teke mwaka juzi, liambie sijasahau. Mvua zimeishaje huko? Pamba imetoka? Kifua chako je, bado kinakusumbua asubuhi? Ukiuliza habari zangu, mdomo ni mzima. Vingine utavikuta huko chini.

Mwandiko usikushangaze. Ni mimi mwenyewe Ignas, ila naandika kwa mkono wa kushoto, na huu wa kushoto haukwenda shule kabisa. Bora ule wa kulia, ulifika darasa la tatu.

Barua hii usimpe katekista akusomee. Soma mwenyewe hata kama itakuchukua siku mbili. Inamhusu shemeji Paskazia, mkeo uliyemfukuza kwa kumloga Mama. Nasema hapa juu kabisa usije ukachoka njiani: hakumloga. Sasa tulia nikueleze nilivyojua.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi kwa Mzungu, nikasema napika. Uongo. Nilikuja Geita kuchimba dhahabu, lakini lile shimo nilichungulia mara moja nikaona macho yangu yameshashiba. Nikauza dagaa, nikauza viatu vya matairi, nikaanza kutengeneza koroboi za makopo. Ndipo akatokea Bwana Oskar, mtu wa chuo fulani huko Ulaya, amepanga nyumba ya zamani ya kupimia dhahabu, anatafuta sonara wa kumfulia dhahabu iwe nyembamba kuliko karatasi. Nikamwambia sonara ndiye mimi, na babu yangu alikuwa sonara. Babu yetu unamjua, alikuwa mtu wa ng'ombe tu, lakini ng'ombe ndiye aliyeniokoa. Nilichukua ngozi nyembamba ya utumbo wa ng'ombe, nikaikausha, nikaweka dhahabu katikati, nikagonga siku nne. Ilipokwisha ukiishika juani unaona upande wa pili, na mwanga unaopita ni wa kijani. Bwana alinishika mkono kama mtu aliyepata mtoto.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ana kijichupa kidogo, urefu wa kiungo cha kidole, kimevalishwa fedha, kinakaa kwenye sanduku la risasi, risasi ile ya kuzamishia nyavu. Kijichupa kinatupa vumbi lisiloonekana, mbio kuliko kitu chochote. Mbele yake anatundika dhahabu yangu. Vumbi karibu lote linapita kama dhahabu haipo. Lakini katika maelfu na maelfu, punje moja inagonga kitu kigumu humo ndani na kurudi ilikotoka. Hiyo iliyorudi ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Alisema kwao kuna mashine ndefu kama stesheni ya Mwanza, zinarusha punje hizo kwa umeme, ila wakubwa wa mashine hawakumpa zamu, ndiyo maana yuko Geita na mimi.

Tulikuwa tunaziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe, tunakaa gizani mpaka macho yazoee, halafu mimi naweka jicho kwenye darubini. Punje ikirudi inagonga kioo kilichopakwa dawa, kinatoa cheche ndogo, kama kimulimuli mmoja mbali mbugani. Nasema moja. Tunangoja. Nasema mbili. Bwana anaandika. Kazi ile niliipenda kaka, sikudanganyi. Maisha yangu yote nimekuwa napiga kelele ili nipate kula, na hapa nalipwa kwa kunyamaza.

Sasa ile dawa iliyo ndani ya kijichupa Bwana aliiita radiamu. Mimi nikasikia radi.

Usinicheke, na kama utacheka cheka sasa, huko mbele hakuna nafasi. Kitu kinatoa cheche, kina nguvu ya kupita dhahabu, na jina lake radi. Nikamwuliza Thobias mpishi, yeye ametembea na Wazungu miaka mingi. Akasema ndiyo, hiyo ni radi wameikamata, ndiyo maana wanaifungia ndani ya risasi. Nikamwuliza Bwana mwenyewe kama dawa ile ni kali. Kiswahili chake ni cha jikoni; akasema kali sana, iko kali sana, hapana shika. Basi mimi nikajua ni dawa kweli, maana dawa gani ya maana mtu anashikashika ovyo?

Na wewe unamjua Mama. Tangu radi ilipompiga Baba mbugani na wewe ukamkuta amelala na fimbo yake imepasuka, mvua ikinguruma Mama alikuwa anafunika kila kinachong'aa, anazima moto, anaingia uvunguni na jamvi. Miaka kumi na moja, kaka. Mama yetu mzima uvunguni kama kuku. Bwana alikuwa na kijichupa kingine cha zamani, kwenye sanduku la pembeni ambalo hakulifungua kwa miezi. Nikakichukua. Nikakishonea kwenye ngozi ya mbuzi, kikawa lupigu safi kabisa, mganga yeyote angejivunia hirizi ile. Mwezi wa kumi nilipokuja Didia nikamfunga Mama kiunoni kwa mkono wangu, nikamwambia Mama, radi haipigi nyumba ya radi, sasa lala kitandani kwako. Wewe ulikuwepo. Ulisema Ignas safari hii umeleta kitu.

Akalala kitandani. Uliniandikia mwenyewe, mvua ya kwanza tu, Mama hakuingia uvunguni, alikaa mlangoni anatazama. Ukaandika tena kwamba radi imempigia Makoye jirani ng'ombe wawili, na kwetu haikugusa. Barua ile niliwasomea watu hapa Kalangalala nikinunua pombe.

Barua ya tatu ndiyo ya kidonda. Ulisema kimeanzia kiunoni, chekundu, ukubwa wa shilingi, kikawa kama sahani, hakikauki, nyama inaoza akiwa anaona, na chakula hakikai tumboni. Mwisho wa mwezi wa kwanza akafa. Ukasema mmemzika pembeni ya zizi, na lupigu mmemwachia kiunoni kama alivyotaka.

Kaka, hakuna mtu aliyemtia Mama kitu kwenye chakula. Kidonda kilikuwa chini ya lupigu. Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia, vile nilivyoshikia kijichupa nikishona, na nikakitembeza mfukoni wiki nzima nikikichezea, viliwasha, vikawa vyeusi, na mwezi wa tatu nimekatwa. Vumbi lile halikuwa dawa. Linapita dhahabu, litashindwaje na ngozi ya bibi kizee. Radi haikupiga nyumba yetu, ni kweli. Mimi nilikuwa nimeshaiingiza ndani na kuifunga fundo.

Ungeweza kunisamehe mpaka hapo. Mtu mjinga, ameiba kwa kumpenda mama yake, amesikia neno vibaya. Nami nilitaka kuishia hapa, nimechana karatasi mbili nikiishia hapa.

Lakini uliniandikia barua ya nne, ya mwezi wa pili. Ulisema mganga amepasua kuku, ameona kwenye kuku mkono wa mwanamke aliyekuwa anampikia Mama, na anayempikia ni Paskazia peke yake, akasema umfukuze. Ukasema hutaki kuamini, mkeo alimwosha Mama kidonda kila siku bila kuziba pua. Ukaniuliza mimi mdogo wako, nifanye nini? Nikakujibu fanya alivyosema mganga. Barua hiyo unayo. Angalia tarehe, ni ishirini na mbili.

Tarehe kumi na tisa nilikuwa nimeshamwonyesha Bwana vidole. Alikwenda kwenye sanduku la pembeni, akakuta tupu, akaniuliza kiko wapi. Nikamwambia. Akauliza Mama alikivaa siku ngapi, usiku na mchana? Akaandika, akazidisha, halafu akaweka kalamu chini. Akanieleza yote. Kwa hiyo nilipokuambia umfukuze mkeo nilikuwa najua kwa siku tatu nzima nani amemuua Mama. Nilitaka tu jambo hili likae kwa mtu mwingine.

Naandika leo kwa sababu Melania, yule muuza mchele, amepita hapa juzi. Amemwona shemeji huko Ibadakuli, anabeba kokoto kwenye uwanja wa ndege, amefunika uso kwa khanga. Kwao pia wamemkataa. Melania akamsalimia, Mama Zipora, hujambo? Shemeji akamwambia usiniite hivyo, mimi sina mtoto, mtoto nimenyang'anywa.

Kaka, nenda Ibadakuli. Mchukue Zipora uende naye, asije akafikiri umekuja kumpiga. Msomee barua hii mbele ya watu anaobeba nao kokoto, kwa sauti, usiruke mstari, hasa ule wa tarehe. Halafu wasomee na hapo Didia, na mganga na kuku wake awepo. Bwana Oskar atakuja na sanduku lake la risasi kuomba ruhusa ya kukitoa kitu kile kaburini; anasema nusu yake tu itaisha baada ya miaka elfu moja na mia sita. Mpaka aje, hamisha ng'ombe, weka miiba, mtoto asicheze pale.

Mimi nimeshajipeleka bomani kwa DC kusema. Karani alidhani namtania, akaniambia nirudi Jumatatu. Ndivyo ilivyo ukizoea kuchekesha.

Nisalimie Zipora. Shemeji usinisalimie, salamu zangu hazimfai. Wewe nakupa shikamoo tena, na marahaba yako siingoji.

Ni mimi mdogo wako,
Ignas, mtoto wa mwisho wa Mama