Namba 47 na Soksi Nyekundu

Jumatano, 10 Machi 1993
Mifuko ya karatasi imekwisha! Masuke kumi na tisa ya mtama nimeyavika, la ishirini liko wazi. Likipata chavua ya mtama wa jirani, hiyo si mbegu yangu Namba 47 tena. Miaka saba nachavusha, nachagua, natupa – mpaka nimepata mtama mfupi, wa kuwahi kukomaa, wenye suke zito. Basi, nimelivika soksi yangu nyekundu ya mitumba. Sayansi ni sayansi.

Alhamisi, 20 Mei
Barua! Dokta Shaaban wa makao makuu ya utafiti anakuja Jumatano kuikagua 47. Akiridhika, itagawiwa wakulima. Asiporidhika, mradi basi, nami nirudi Msalato kuchunga ng'ombe wa baba. Mbegu ya akiba imeliwa na fukusi stoo. Yamebaki masuke haya ishirini tu, hapa nyuma ya nyumba.

Jumapili, 23 Mei
Mama mkwe kaja. Kwa adabu ya kwetu hatuangaliani, hatusemezani. Nikikohoa, anahama chumba. Mke wangu Anjelina ndiye posta.

Jumanne, 25 Mei
Nilikwenda mjini kutafuta kitambaa cha meza. Narudi – masuke hakuna! Yamekatwa kwa kisu, safi kabisa. Na jikoni jiwe la kusagia linalia.

Nimemtuma Anjelina akaulize. Jibu: mama kaona mkwe wake kafungasha mtama mzuri, kila suke na mfuko wake, akajua ni wa mgeni wa kesho. Hajapata kuona mkwe mwenye heshima hivi. Nilitaka kulia. Nikasema, mwambie asante sana. Mjinga mimi!

Nimekimbia shambani. Soksi ipo! Na suke lake ndani! Mama mkwe hagusi vazi la mkwe. Ee soksi yangu, Mungu akubariki.

Jumatano, 26 Mei
Dokta kafika na njaa. Chakula kwanza, ukaguzi baadaye. Ugali wa mtama na mlenda. Kala, kalamba vidole, kauliza: mtamu hivi, mbegu gani hii? Nimesingizia tumbo, nikatoka. Naandika shambani, nimekumbatia bua.

Anjelina kaja mbio. Mgeni anataka kuongezewa, unga umekwisha. Mama anaomba, kwa heshima zote, mkwe avue soksi yake ili akate lililobaki. Namwona. Hatua kumi hivi, kanipa mgongo, kisu mkononi, anangoja –