Mshale wa Petroli wa Babu Zubeiri

Asmahani, nimetoka kwa bibi Sabiha sasa hivi. Babu yangu Zubeiri, yule mnayemwita Mzee wa Haki! Sikia.

Mwaka 1956 alijaza petroli garini, na siku ileile mshale ukalala sifuri. Akamwita dereva wake, Noa, barazani Makorora, mbele ya watu. "Mwizi wee!"

"Shikamoo, bwana. Tia kijiti tangini, upime."

"Mshale hauna jamaa wa kulisha. Wewe unao." Watu wakacheka. Noa akafukuzwa palepale.

Jioni babu akatia kijiti. Kikatoka kimelowa hadi juu. Hadi juu, Asmahani! Akafungua tangi: kiboya kinachoinua mshale kimetoboka, kimejaa petroli, kimezama.

Bibi akamwambia, "Basi mrudishe."

"Nimeshasema barazani. Nilambe matapishi yangu?" Akanunua kiboya kipya, akanyamaza.

Juma lililofuata Noa akaja na mkewe, Lea, kuomba kazi tena. Babu akawasha gari, akamwonyesha mshale ulivyopanda. "Unaona? Tangu uondoke, petroli haipungui."

Bibi alikuwepo. Anasema Noa aliutazama ule mshale, akamtazama mkewe, kisha akaomba radhi.

Akaomba radhi, Asmahani.